Policarpo Marbella: Sahani Tuliyokupakulia Mto Uliponyamaza

Mwaka umezunguka sasa, Tatay, baba yetu, tangu asubuhi ile ya Jumamosi Nanay, mama yetu, alipokuja kukuamsha nawe usiamke. Tangazo hili lilikuwa litoke Jumapili iliyopita, siku yenyewe uliyotimiza mwaka. Jumapili iliyopita tulikuwa tunakimbia. Utuwie radhi, na wasomaji nao watuwie radhi, ingawa wengi wao walikuwa wanakimbia pamoja nasi na wanajua.

Tunaanza na wema wako, maana ndiyo desturi. Ulikuwa dereva wa lori la mchanga tangu kabla hatujazaliwa, na nusu ya nyumba za Kalayukan zimejengwa kwa mchanga ulioupakia mtoni kwa mikono yako. Mjane akikuomba ndoo mbili za kusakafia jiko, ulimwaga lori zima mlangoni pake, kisha ukashuka ukajishika kiuno, ukalilaumu lori kwamba limemwaga lenyewe. Lori lile lilimwaga lenyewe kwa wajane na wazee tu. Kwa wenye magorofa halikukosea hata siku moja.

Ulikuwa mbishi pia. Tunalisema hadharani kwa sababu ukisifiwa tu hutaamini kwamba ni wewe. Ulibishana na padri, na redio, na daktari wa kifua, na hasa na ndugu yako, ami yetu Tiyo Emeng, ambaye miaka arobaini alikuwa akichambua zabibu kwenye chakula chako na kuzipanga ukingoni mwa sahani.

"Zabibu ni za keki, Karpo," alikuwa akisema.

"Na wewe ni wa kwako," ulikuwa ukimjibu. "Mbona uko kwangu kila Jumapili?"

Jumapili ulikuwa mpishi. Siku hiyo jiko lilikuwa lako, na Nanay Consorcia aliketi kama mgeni akipepewa. Ulipika giniling, nyama ya nguruwe ya bega, yenye mafuta yake, ukaikatakata mwenyewe kwa visu viwili juu ya gogo la mkwaju mpaka ikawa chenga. Waliotoka kanisani walikuwa wakisikia visu vyako barabarani, wakajua sahani ngapi zitaombwa kwa kisingizio cha kuja kukusalimu. Binti yako mkubwa, Salvacion, alikuletea mashine ya kusagia kutoka mjini kwa mshahara wake wa kwanza. Ulimshukuru sana, ukaifanya kizuizi cha mlango. Ulisema nyama iliyopita mashineni imeshatafunwa na mtu mwingine.

Kitunguu saumu kwanza, kisha kitunguu maji, kisha nyanya mpaka zilegee. Nyama ikaangwe hadi ianze kutoa mafuta yake, ndipo viazi na karoti vilivyokatwa vidogo kama punje za mahindi, njegere, zabibu, na mwisho tui zito na pilipili ya kwetu, ile inayomfanya mgeni aulize njia ya kwenda kwenye maji. Wali pembeni, yai la kukaanga juu. Na ukoko wa wali ulikuwa wa mwanao Dioning, tangu akiwa hana meno hadi leo. Haya yote tunayajua kwa kuyatazama. Visu vyako hukumpa mtu avishike.

Kitu kimoja tu ulitufundisha kwa kurudia rudia, nacho hakikuwa cha jikoni. Ulisema mto wetu ukipiga kelele usiuogope, unapita zake. Ukinyamaza wakati mvua ingali inanyesha, ondoka, usirudi hata kuchukua viatu. Huko juu mawe na majivu ya Mlima, volkano yetu, yameziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ulilisema hilo kwa sauti ileile uliyotumia kutuambia tuoshe mikono, ndiyo maana tukaliamini.

Ulipoondoka, Nanay alivaa nyeusi. Watu wengine wakifiwa hupungua mwili. Yeye alipungua maneno. Dioning, aliyebaki naye nyumbani, alituambia kwamba Jumapili anakaa kwenye benchi kukikabili kiti chako, hali mpaka wali upoe. Salvacion alisikia hayo kwa simu akiwa kazini, kwenye dirisha la tiketi la kituo cha mabasi mjini, akayatia moyoni. Alianza kuogopa tangu hapo. Hakujua anaogopa nini, ila kila alipopiga simu alisikiliza kwanza Nanay anavyopumua kabla ya kumwamkia.

Basi ukakaribia mwaka wako, siku ya kuvua nyeusi. Wiki hiyo tufani ilipita kaskazini, redio ikashangilia kwamba tumepona, lakini mkia wake ulibaki kwetu ukinyesha usiku na mchana. Na Mlima ulikuwa umekohoa majivu tangu Kwaresima. Yalikuwa bado yamelala huko juu, makavu chini na yaliyoloa juu. Salvacion alifika Jumamosi na basi la mwisho, na kilo nne za bega la nguruwe kwenye ndoo ya barafu. Dereva alimshusha njia panda, akageuza gari bila hata kuzima taa.

Asubuhi ya Jumapili, Kapitan wa kijiji alipita na kipaza sauti, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alisimama mlangoni petu.

"Nanay Consorcia, lori la manispaa linakuja saa kumi kuwapeleka watu shuleni kujihifadhi. Ni la mwisho. Halitarudi tena huku."

"Nitashuka," alisema Nanay. "Nikishamlisha mume wangu."

"Mume wako ni marehemu, Nanay. Hana haraka."

"Ndiyo maana simharakishi."

Kapitan alimwangalia Salvacion kama mtu anayemkabidhi mzigo mwenzake. "Manay, dada yangu, mimi nina nyumba tisini za kupita."

"Tutashuka," alisema Salvacion. "Wote."

Aliingia chumbani kuchukua mfuko wa Nanay ili auweke karibu na mlango. Mfuko ulikuwa mkubwa, umejaa, umefungwa kamba vizuri. Alipouinua ulipanda mkononi kama hauna kitu. Akafungua kidogo. Ndani mlikuwa na mto wa kulalia, na mto mwingine, wako, Tatay. Hapakuwa na nguo, wala dawa ya presha, wala rozari. Mama yake alikuwa amefunga mfuko wa kuwaridhisha watoto.

Salvacion aliufunga tena kama alivyoukuta, akakaa kitandani. Alielewa sasa alichokuwa anakiogopa mwaka mzima. Nanay alikuwa amepanga kula na wewe, kuvua nyeusi, kisha kuwapungia mkono wakipanda lori. Hakuwa na nia ya kutoka katika nyumba hiyo. Salvacion angeweza kupiga kelele, angeweza kumwita Dioning wambebe mzobemzobe. Lakini alimjua mama yake. Mtu aliyeishi na wewe miaka arobaini na mitatu habebwi. Angeruka kutoka kwenye lori, akarudi kwa miguu, na wao wangemfuata, na wote wangekuwa mtoni saa mbaya.

Kwa hiyo alikwenda jikoni kupika. Hakuna la kufanya jingine lililomjia.

Alivichukua visu vyako, Tatay. Tunakuomba ruhusa baada ya tendo. Mwanzoni vilipishana vibaya, kimoja kikigonga kingine, na Tiyo Emeng, aliyekuwa amekuja na kuku wake wawili kwenye kapu kwa sababu hakutaka kuwaacha, aliketi mlangoni akicheka.

"Huyo ni fundi seremala au mpishi? Baba yako akisikia atageuka alipolala."

"Acha ageuke, Tiyo. Labda atakuja kunishika mkono."

"Usiseme hivyo leo," Tiyo Emeng alisema, na hakucheka tena.

Punde visu vikashika mwendo. Nanay, aliyekuwa akifuta kiti chako, alisimama na kitambaa mkononi. Mto nje ulikuwa unanguruma, mvua inapiga mabati, na katikati ya kelele hizo visu viwili juu ya gogo la mkwaju. Salvacion hakumwangalia mama yake. Aliogopa kwamba akimwangalia atalia juu ya nyama.

Nusu ya nyama aliikata. Nusu aliiacha kwenye barafu, kwa sababu mkono ulimuuma.

Sasa, Tatay, hapa ndipo pa aibu, na lazima tukueleze. Unaijua desturi ya nyumba yetu: chakula cha kumtimizia marehemu mwaka hakionjwi. Marehemu ndiye anayepakuliwa kwanza, na mpaka sahani yake ikae mahali pake, hakuna ulimi unaogusa hata mchuzi wa kwenye mwiko. Mpishi anatia chumvi kwa jicho na kwa imani. Salvacion alitia chumvi yake, akafunika, akaenda kwenye dirisha kuangalia barabara.

Alipotoka, Dioning aliingia kuchukua ukoko wake mapema. Aliangalia sufuria, akaona dada yake ni mtu wa mjini, na watu wa mjini wanaogopa chumvi. Akaongeza. Alipotoka, Tiyo Emeng akaingia kutafuta kibiriti. Akakumbuka kwamba wewe ulipenda chakula kilichokolea, akakuongezea kwa upendo. Na mwisho Nanay mwenyewe, ambaye hakumwamini mtu yeyote kati yao. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wote wanne walitoka jikoni wakiwa wameridhika.

Saa nane na nusu meza ilikuwa tayari. Kiti chako, sahani yako ya bluu, wali, giniling, yai juu limekaangwa pembeni likawa kahawia kama ulivyolipenda. Nanay aliwasha mshumaa akaongoza sala. Mbwa wa jirani, ambao hubweka kila tukisali, hawakubweka. Dioning aligundua hilo akainua kichwa. Hawakuwepo. Walikuwa wameondoka kijijini bila ya kungoja lori.

"Amina," alisema Nanay. "Kuleni."

Salvacion alitia kijiko mdomoni. Kwa muda alidhani ameumwa na kitu. Alimwangalia Dioning, Dioning alikuwa ameshikilia tonge shavuni kama mtoto aliyepewa dawa. Tiyo Emeng alimeza, machozi yakamtoka, akanywa glasi yake ya maji kisha akanywa ya Dioning.

"Pilipili," alisema. "Pilipili tu."

"Ni chumvi, Tiyo."

"Basi ni chumvi."

Nanay alitafuna taratibu mpaka mwisho, akaweka kijiko chini. "Nani ametia chumvi?"

"Mimi," alisema Salvacion. "Kiasi kile kile cha siku zote."

Dioning alisogeza sahani yake: "Nami niliongeza. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Konzi."

"Mimi nilitia kwa ajili ya marehemu," alisema Tiyo Emeng. "Hiyo isihesabiwe."

Wote wakamgeukia Nanay, maana alikuwa amefunika uso kwa kiganja na mabega yanatikisika. Salvacion aliruka kutoka kwenye benchi. Lakini Nanay alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika meza, mara ya kwanza tangu tukuzike.

"Na mimi," alisema. "Na mimi pia, Mungu wangu. Mwaka mzima mtu hajala, tunamletea bahari."

Tukacheka sote, Tatay. Tulicheka kama watu wasio na mlima mgongoni. Na tulipoishiwa na pumzi, tukitarajia kusikia kile tulichokuwa tunakisikia mchana kutwa chini ya mvua, hatukusikia kitu.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mto ulikuwa umenyamaza.

Dioning alitoka mbio mpaka ukingoni, akarudi akiwa ameshika kofia mkononi. "Mawe yako wazi," alisema. "Maji hayafiki hata kwenye kifundo."

"Lori?"

"Lori ni saa kumi, Manay. Mimi sisubiri saa kumi. Ninawasha pikipiki." Pikipiki yake ina kigari ubavuni, unakijua, ulikichomelea mwenyewe.

Salvacion alichukua ule mfuko wa mito akausukuma mbele ya Nanay. Hakuufungua. "Nimeuinua asubuhi," alisema.

Nanay aliuangalia mfuko, kisha akamwangalia binti yake, na kicheko chote kikamtoka usoni. "Kama umeuinua, umeshajua. Nendeni, mwanangu. Mimi sina uzito wa kukimbia."

"Nanay."

"Baba yenu alijenga nyumba hii. Alifia humu. Sahani yake iko hapa, na mimi nimwache na chakula ambacho hata paka hatakigusa? Nendeni."

"Shemeji," alisema Tiyo Emeng, kapu la kuku kwapani, "sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako ninaliona liko zima kabisa. Hujasikia mto?"

"Nimesikia."

"Basi?"

"Basi nendeni."

Salvacion alipiga magoti. Baadaye alituambia kwamba hakuwa na mpango. Alimshika mama yake vifundo vya mikono. Alitaka kusema mambo makubwa, na lililomtoka lilikuwa la jikoni.

"Huwezi kumtimizia mwaka kwa chakula hiki. Unajua huwezi. Nyama nusu iko kwenye barafu. Nitaipika tena shuleni, utatia chumvi wewe peke yako."

Nanay alisita. Tuliona amesita. "Na yeye? Nitamwekea sahani shuleni, na yeye atakuwa huku, anangoja mezani? Atajua tumekwenda wapi?"

Tatay, unakumbuka tulipokuwa watoto tukioga mtoni? Nanay hakuondoka kabla ya kuita jina la kila mmoja. "Salvacion, twende nyumbani! Dionisio, twende nyumbani!" Nasi tulikuwa tumesimama pale pale mbele yake, tumelowa, tunatetemeka, na ilibidi tuitikie, "Naja!" Asiyeitwa, roho yake hubaki majini ikicheza, na mwili unarudi nyumbani na homa. Hakuna mama wa Kalayukan aliyewahi kutoka mtoni bila kuita.

"Mwite," alisema Salvacion. "Kama ulivyotuita sisi."

"Yeye si mtoto."

"Basi ataelewa upesi zaidi. Mwite, Nanay. Mwite tuondoke naye."

Dioning alipiga honi nje. Mara moja, ndefu.

Nanay alisimama. Alikwenda mpaka kwenye kiti chako, akaweka mkono juu ya egemeo, pale ambapo rangi imetoka kwa mgongo wako. Alivuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu tulipokuwa wadogo, sauti ya kufika ng'ambo ya mto.

"Policarpo! Twende nyumbani!"

Tulingoja. Hatujui tulingoja nini. Aliyeitwa huitikia, ndiyo desturi, na wewe ulikuwa umelala makaburini mwaka mzima. Uso wa Nanay ulianza kuporomoka, na Salvacion aliona kwamba wakimwacha hivyo ataketi kwenye benchi lile na hakuna atakayemwinua.

Ndipo Tiyo Emeng, aliyekuwa mlangoni, ametupa mgongo, alipoitikia. Mna sauti moja, ninyi wawili. Kwa simu hakuna aliyewahi kuwatofautisha.

"Naja, naja! Kelele za nini, mwanamke?"

Nanay alimjua ni Emeng. Sote tulimjua ni Emeng. Lakini alishika mdomo, akaanza kulia, na huku analia alimwaga kile chakula jalalani, akaifuta sahani yako kwa sketi yake nyeusi, akaiweka ndani ya mfuko wa mito, akatoka. Hakuangalia nyuma. Salvacion alizima mshumaa, akachukua ndoo ya barafu na visu. Hivyo tu.

Tuliteremka watu wanne na kuku wawili kwenye pikipiki iliyotengenezwa kubeba watatu. Dioning aliwapigia honi majirani, Tiyo Emeng akawapigia kelele, na lori la manispaa tulikutana nalo njiani. Dereva alituona tulivyo akaongeza mwendo kupanda, Mungu ambariki. Tulipokuwa tumelipita kanisa ardhi ilianza kutetemeka chini ya magurudumu. Kisha ukaja mlio. Watu wanasema ulilia kama ndege ya abiria. Sisi tunasema ulilia kama malori yako mia moja yakimwaga mawe kwa pamoja, bila kuacha.

Tope lilishuka kwa dakika nyingi, zito kama zege bichi, likivuta minazi iliyosimama wima kana kwamba inatembea. Nyumba haipo, Tatay. Jiko halipo, kiti hakipo, na ile mashine ya kusagia uliyoidharau imekwenda nayo. Lori liliwahi kushusha watu wa upande wa juu. Majirani wawili hawajaonekana hadi leo, na majina yao si yetu kuyataja mbele ya jamaa zao.

Jumatatu Salvacion alipika tena, kwenye jiko la wote la shuleni, nyuma ya darasa la tatu. Hapakuwa na njegere. Zabibu alizipata kwa mwalimu mmoja, na Tiyo Emeng aliposikia aliapa kwamba laana ya kaka yake inamfuata. Chumvi alitia Nanay, peke yake, huku ametukodolea macho kila mmoja. Sahani yako ya bluu tuliiweka juu ya dawati, karibu na dirisha, ukapakuliwa wa kwanza. Ilikolea. Si kama yako. Nyama ilikatwa kubwa mno, na tui lilikatika kidogo. Watoto wa familia nyingine walisimama wakaangalia, tukawagawia wote, kwa sababu ungetuaibisha hapo hapo kama tusingewagawia.

Jioni hiyo Dioning alirudi kutoka kuangalia. Alimvuta Salvacion pembeni, akamwambia kwamba tope halikuishia kwenye nyumba. Lilikata kona penye daraja, likafunika makaburi yote ya kanisani, ukuta, misalaba na malaika wa zege. Ulipolazwa pamekuwa uwanja wa kijivu, unatoa mvuke. Hakuna anayeweza kusema wewe uko upande gani.

"Usimwambie," alisema Salvacion. "Si leo. Itamuua."

Lakini Nanay alikuwa na masikio mazima, kama Tiyo Emeng alivyosema. Alikuja akasimama kati yao. Salvacion alimkamata mkono, akiogopa atapiga magoti, akiogopa ataanza kutembea kuelekea huko.

"Makaburi?" aliuliza Nanay.

"Yote, Nanay."

Alianza kufungua vifungo vya blauzi yake nyeusi, kimoja kimoja, mbele ya wanawe, akabaki na fulana ya Dioning aliyoazimwa ndani yake, ya njano, yenye tangazo la saruji. Aliikunja ile nyeusi akampa Salvacion.

"Heri tulimwita mapema," alisema.

Tangu hapo anazungumza. Anazungumza sana, Tatay, anagombana na wapishi wa shule kuhusu wali, na Salvacion kila akimsikia anageuka upande ili asionekane anavyolia kwa furaha.

Hatuna tena kaburi la kuwasha mshumaa wala mlango wa kubandika picha yako. Ndiyo maana tumekuandikia hapa, gazetini, mahali ambapo tope halijafika. Ila tukuambie ukweli, kwa kuwa hukupenda kubembelezwa: shule hii haiko mbali na mto kama tungependa. Majivu yaliyoshuka ni nusu tu, ndivyo wanavyosema wanaojua. Leo asubuhi mvua imeanza tena, na tangu tulipoanza kuandika maneno haya mto ulikuwa unanguruma, tukashukuru. Sasa Dioning amesimama dirishani, ameinua mkono tunyamaze. Nanay amechukua sahani yako. Ukisikia jina lako likiitwa, usibishane kama kawaida yako. Itikia, uje.

Unakumbukwa na mkeo Consorcia. Wanao Salvacion na Dionisio. Ndugu yako Emerenciano, ambaye bado hali zabibu. Na wote wa Kalayukan ambao lori lako liliwahi kumwaga lenyewe mlangoni pao.

Popote tutakapohamia, Tatay, utapakuliwa wa kwanza. Kukusahau hatujui.